Israfu na Fedha ya Majani Chai



Msomaji wetu mmoja aliyehamia Merigi, huko Bomet kwenye mashamba ya chai, anauliza: je, anayesherehekea bonasi yake kwa kuchinja na kununua nguo mpya amefanya israfu?

Kwanza tulifahamu neno. Wanavyuoni wamepambanua baina ya tabdhiri na israfu. Tabdhiri ni kuitia mali pasipo mahali pake, kama kamari, ijapokuwa ni shilingi moja. Israfu ni kupita kiasi katika jambo lililo halali. Ndiyo maana hujificha: mwenye kuifanya haoni haramu mbele yake; anaona chakula, nguo, harusi. Wala wingi wa kitu hauondoi mpaka wake. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba cha maji na akikoga kwa pishi. Merigi mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na sisi Mombasa tunanunua maji kwa mitungi. Kibaba ni kilekile.

Sasa bonasi. Jina hili limewapoteza wengi. Mkulima mdogo hupeleka majani kituoni mwaka mzima, akalipwa kila mwezi sehemu tu ya bei. Chai ikishauzwa, nyingi yake katika mnada wa hapa kwetu Mombasa, salio hulipwa kwa pamoja, aghalabu Septemba au Oktoba. Basi si zawadi hiyo. Ni jasho la miezi kumi na miwili lililochelewa. Mwenye kuidhani ziada huitumia kama ziada, na wauza makochi na simu wanalijua hilo kuliko sisi masheikh.

Kuchinja mbuzi, kuwavika watoto na kumkumbuka jirani si israfu; ni shukrani, na ubakhili nao umekatazwa. Tatizo ni kuikopea bonasi kabla haijafika, kwa harusi ya mahema na msafara wa magari, ilhali karo ya Januari inangoja. Mwaka 2025 malipo ya upande ule yaliposhuka, madeni hayakushuka. Mpaka umevukwa pale haki ya mtoto inapoliwa na karamu ya wageni. (Nasi watu wa pwani tusicheke, harusi zetu twazijua.)

Swali lake la pili, kuhusu zaka ya fedha hiyo, tutalijibu juma lijalo, inshallah.