Mwanangu, usiache kazi kwa daftari la miezi minane

Na Zuhura Mkwizu

Jumapili iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Tabata akiwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Alinisalimia, akanywa chai nusu kikombe, kisha akalisogeza mbele yangu. "Shangazi, nataka kuacha kazi. Wewe umefanya uhasibu miaka mingi. Niangalizie hizi hesabu."

Ameajiriwa kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini kwa mshahara wa Sh1,100,000 kwa mwezi. Ana mke na mtoto mmoja. Kila Ijumaa usiku hucheza poka ya fedha katika kasino moja hapa Dar es Salaam, na sasa anataka poka iwe ndiyo kazi yake.

Daftari lina safu tatu: tarehe, saa alizokaa mezani, na alichotoka nacho. Faida kaiandika kwa kalamu ya bluu, hasara kwa nyekundu. Usiku aliopata Sh1,450,000 umewekewa nyota. Usiku aliopoteza Sh900,000 umeandikwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba ilinibidi nivae miwani. Jumla ni saa 212 na faida ya Sh5,300,000, yaani Sh25,000 kwa saa. Kazini, kwa saa 45 za wiki, hafikishi hata Sh6,000 kwa saa. Hesabu yake ikaendelea hivi: saa 40 kwa wiki, wiki nne, Sh25,000 kila saa, jumla Sh4,000,000 kwa mwezi.

Najua wapo wasomaji watakaosema kamari ni haramu na mazungumzo yaishie hapo. Nyumbani kwetu pia ni haramu, naye nimemwambia. Lakini kijana huyu alikuja na hesabu, nami nikaona ni haki yake ajibiwe kwa hesabu.

Kwanza nilimuuliza kama saa 212 ni nyingi. Kwake ni nyingi, kwa sababu ni miezi minane ya kukosa usingizi. Kwa karata ni chache mno. Mezani, karata zikigawiwa kwa mkono, hupatikana migao kama 30 kwa saa, kwa hiyo yote aliyocheza ni migao 6,360. Dau kubwa la lazima kwenye meza yake ni Sh5,000. Katika poka ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, matokeo ya kila migao 100 hupanda na kushuka kwa kiasi cha madau 90 kuzunguka wastani. Ukiipeleka hesabu hiyo hadi migao 6,360, mtu asiyewazidi wenzake kwa lolote anaweza kujikuta juu au chini kwa milioni tatu na nusu, kwa bahati tupu. Kati ya wachezaji 100 wa aina hiyo, kama saba wangemaliza miezi hiyo minane wakiwa na faida kama ya kwake au zaidi. Hao saba ndio wanaoanza kufikiria kuacha kazi. Wale wengine 93 hawampelekei mtu daftari.

Sisemi kwamba hajui kucheza. Huenda anajua sana. Ninachosema ni kwamba daftari hili bado haliwezi kututofautishia mjuzi na mwenye bahati, na mshahara hauachwi kwa jambo ambalo halijajulikana.

Tuseme basi daftari linasema kweli. Bado zile saa 40 kwa wiki hazipo. Nilimuuliza ni akina nani wanaompa fedha mezani, akawataja bila kusita: wafanyabiashara wawili wa Kariakoo, mwenye malori, na wageni wanaopita. Watu hao huja Ijumaa kupumzika baada ya wiki ya kazi, na wengine Jumamosi. Jumanne saa nane mchana wako madukani kwao. Nani atakuwa mezani Jumanne? Watu kama yeye, walioacha kazi, kila mmoja akimngojea mwenye malori. Poka haizalishi kitu. Kila shilingi unayotoka nayo imetoka mfukoni mwa aliyekaa mbele yako, na kasino inachukua sehemu yake kabla hamjagawana. Kwa hiyo soko lake ni siku mbili kwa wiki, kama saa 50 kwa mwezi, na hizo ni Sh1,250,000, si milioni nne.

Na hiyo 1,250,000 ni wastani, haina tarehe ya kulipwa. Kwa saa 50, mchezo hupanda na kushuka kwa takriban Sh1,700,000. Maana yake, hata akiwa mjuzi kama daftari linavyodai, karibu mwezi mmoja katika kila minne ataumaliza akiwa na hasara. Ikiwa uwezo wake halisi ni nusu ya huo, miezi ya hasara itazidi minne kwa mwaka. Katika mwezi kama huo mwenye nyumba hupokea nini?

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu, kwenye mtaji. Wanaoishi kwa mchezo huu hushauriana mtu awe na viingilio 20 hadi 30 vya meza anayocheza. Kiingilio chake ni Sh500,000, kwa hiyo milioni 10 hadi 15, na hizo si za kula. Kando yake iwepo fedha ya matumizi ya nyumbani, angalau ya miezi sita. Yeye ana Sh3,800,000 zote kwa pamoja. Sehemu nyingine ya faida ililipa kodi ya nyumba ya miezi sita.

Kila mama lishe wa mjini hapa anajua maana ya kula mtaji. Siku biashara imelala unachota unga wa kesho ukapike nyumbani, na kesho unasonga sufuria ndogo zaidi. Mchezaji naye hivyo hivyo. Mwezi wa hasara unakula mtaji kutoka upande mmoja, na ugali wa watoto unaula kutoka upande wa pili. Mtaji ukipungua, anaanza kuogopa dau alilopaswa kuliweka, na mwoga mezani huonekana upesi. Leo anacheza vizuri kwa sababu tarehe 28 kuna mshahara. Hilo hakuwa amelifikiria, akanyamaza kidogo.

Kuna pia vitu ambavyo havimo kwenye mshahara anaouona. Mwajiri anamchangia NSSF asilimia 10, yaani Sh110,000 kila mwezi juu ya asilimia 10 anayokatwa mwenyewe. Ana siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Ana bima inayomtibu mke na mtoto. Akienda benki kuomba mkopo wa kumalizia kiwanja, watamtaka aonyeshe hati ya mshahara, na sijui ofisa wa mikopo atakayepokea daftari la bluu.

Alinitajia Chris Moneymaker, kama nilivyotarajia. Huyu alikuwa mhasibu wa Tennessee, Marekani, aliyeingia Mashindano ya Dunia ya Poka mwaka 2003 kupitia mchezo mdogo wa mtandaoni wenye kiingilio kisichofika dola 100, akashinda dola milioni 2.5. Ni kweli kabisa. Kiingilio cha kawaida kilikuwa dola 10,000, washiriki walikuwa 839, na waliolipwa chochote ni 63. Watu 776 walirudi mikono mitupu, wengi wao wakiwa wachezaji hodari. Moneymaker mwenyewe aliacha uhasibu baadaye, akiwa na kazi ya kuitangaza tovuti ya poka ya PokerStars. Hata yeye alipata mwajiri.

Jina hilo liliwatoa watu wengi kazini Marekani. Mwaka 2006 washiriki wa mashindano yale walifika 8,773. Kisha, Aprili 15, 2011, serikali ya Marekani ikafunga tovuti kubwa za poka, na waliokuwa wakiishi kwa mchezo huo wakaamka bila kazi. Walioweka fedha zao Full Tilt, mojawapo ya tovuti hizo, walianza kurudishiwa Februari 2014, karibu miaka mitatu baadaye. Hakukuwa na notisi wala kiinua mgongo. Na anayefikiria kukimbilia poka ya kwenye simu akumbuke kuwa Januari 2017 programu iitwayo Libratus iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa kule Pittsburgh, katika migao 120,000.

Nilimshauri hivi. Abaki kazini. Aendelee kuandika, hasara kwa herufi kubwa sawa na faida, na chini ya kila usiku aongeze nauli na chakula, ambavyo havikuwamo. Akitimiza migao 100,000 akiwa bado na faida, tutakaa tena. Kwa mwendo wake wa sasa ni kama miaka 10, akaniambia hiyo ni sawa na kumkataza. Huenda. Lakini kama miezi minane haitoshi kuthibitisha na miaka 10 ni mingi mno kungoja, basi hiyo si kazi ya kumtegemezea mtoto.

Wakati anaaga nilimuuliza kama mkewe ameliona daftari. Akaniambia bado, anataka kumshtukiza kwa habari njema. Barua ya kuacha kazi alikuwa nayo, imekunjwa mle mle, kati ya Juni na Julai.

Nakuomba wewe msomaji ambaye nawe una barua ya namna hiyo, iwe ya poka, ya mikeka au ya sarafu za mtandaoni: kabla bosi hajaisoma, mfungulie mwenzako wa nyumbani daftari, kuanzia ukurasa wa kwanza, na zile kurasa nyekundu zikiwamo.