Fimbo ya Mlima: Usiuziwe Rangi!

Wiki hii tuko Kasulu, na mshiko ukiruhusu tunasogea hadi Kibondo. Vijana wa mjini wakija kupanda vilima vya Heru Juu na kulala kambini, hubeba redio, kamera na miwani ya jua. Fimbo? "Ya wazee hiyo!" Thubutu! Mvua zikishaanza, Oktoba au Novemba, ule udongo mwekundu ni sabuni tupu.

Mshikaji wangu mmoja alitamba na fimbo ya kukunja, inang'aa kama kioo. Kwenye mteremko ikazama ghafla, naye chini puu! Kifundo cha mguu kikavimba, tukambeba mgongoni hadi barabarani.

Kwa hiyo ukienda dukani au kwenye mitumba, usinunue rangi. Irefushe, ikaze, halafu iegemee kwa uzito wako wote. Ikizama, irudishe. Ya alumini, gramu 250 hivi, ikizidiwa hupinda lakini inakufikisha. Ya kaboni ni nyepesi zaidi, bei juu, na ikizidiwa hukatika. Kwenye tope ncha iwe ya chuma. Mpira ni wa lami na mwamba. Kimo je? Ukiishika, kiwiko kikunjike kama kona ya meza. Ukipanda ifupishe, ukishuka irefushe.

Umefulia? Mwanzi mkavu usio na ufa unatosha kabisa. Wachungaji wa huku hawatoki bila fimbo, na hakuna anayewacheka.

Bora uchekwe na fimbo yako kuliko ubebwe mgongoni. Tukutane wiki ijayo!