Pomboo, Mwangwi na Baruti

Mto Ruvuma ufurikapo wakati wa mvua, maji ya mlangoni mwake hugeuka rangi ya udongo, hata mvuvi akitia mkono majini hauoni tena. Katika maji kama hayo pomboo huwinda pasipo taabu, kwa sababu hawategemei macho peke yake.

Siri yao ni mwangwi. Pomboo hutoa milio mifupi sana kutoka katika njia za pua, chini ya tundu la kupumulia. Mafuta yaliyo katika paji lake huikusanya milio hiyo na kuielekeza mbele, mfano wa tochi ikusanyavyo mwanga. Mwangwi unaporudi hupokelewa na taya la chini, nalo huufikisha sikioni. Mingi ya milio hiyo ina mitetemo zaidi ya 100,000 kwa sekunde, hali sikio la mwanadamu hukomea kwenye 20,000 hivi. Ndiyo maana mvuvi aliye juu yao hudhani ya kuwa bahari imenyamaza.

Yafaa wanafunzi waelezwe kwamba si kila popo wala kila nyangumi ana kipaji hiki. Popo wakubwa wa Pemba walao matunda hutumia macho na pua. Nao nyangumi wenye nundu, wapitao pwani yetu kila mwaka, huimba lakini hawatafuti njia kwa mwangwi kama pomboo. Kwa upande mwingine, binadamu anaweza kujifunza. Wako wasioona ambao hualisha ulimi na kutambua ukuta, mti au mlango uliowazi. Daniel Kish wa Marekani amewafundisha wengi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walionyesha kuwa mafunzo ya wiki 10 yatosha kumpa mtu ujuzi huo, awe anaona au haoni. Sioni kwa nini mwanafunzi asiyeona katika shule zetu asidokezewe jambo hili.

Lakini hoja yangu hasa ni baruti. Mwaka 2015 watafiti walikokota chombo cha kusikilizia chini ya maji katika pwani nzima ya Tanzania, wakanasa milipuko 318 kwa muda wa saa 231. Zaidi ya nusu ilikuwa karibu na Dar es Salaam, ila Lindi, jirani zetu, nao walikuwa miongoni mwa walioripuka mno. Msako wa serikali katika miaka iliyofuata uliipunguza sana milipuko hiyo, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, shuleni tumezoea kuueleza ubaya wa baruti kwa habari ya matumbawe na vifaranga vya samaki tu. Kiumbe aonaye kwa masikio hatumtaji.

Husemwa kwamba bahari ni pana, pomboo watahama. Kwa baadhi yao neno hilo si kweli. Pomboo wenye nundu wa Bahari ya Hindi huishi katika maji mafupi karibu na pwani, penye mikoko na milango ya mito, yaani pale pale mvuvi wa baruti anapofika kwa mashua ndogo. Wakikimbilia kilindini wanaacha chakula chao. Tangu mwaka 2017 wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, huwalinda kwa mipaka iliyochorwa kwenye ramani, lakini sauti haijui ramani.

Basi mwalimu wa fizikia wa Mtwara afundishapo mwangwi asiishie kwenye kupiga makofi mbele ya ukuta. Awape wanafunzi hesabu ya Msimbati. Sauti husafiri majini karibu meta 1,500 kwa sekunde. Pomboo ametoa mlio, na samaki yuko meta 75 mbele yake: mwangwi utarudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kisha awaulize: baruti ikiripuka kilomita 3 kutoka hapo, mshindo wake utamfikia pomboo huyo baada ya muda gani? Jibu ni sekunde 2.