Land Rover ya Mzee: Ibaki Ilivyo au Ibadilishwe?

Ndugu msomaji, ukipita katika maboma na mitaa ya Kanda ya Kati, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Manyoni na Singida, hutakosa kuona Land Rover kuukuu imesimama chini ya mti au nyuma ya nyumba. Pengine ilikuwa ya idara ya Serikali ikauzwa kwenye mnada, pengine ilikuwa ya misheni, na pengine mwenye nyumba aliinunua kwa fedha za zabibu au za ng'ombe. Mzee akiwa na nguvu zake hakuna ubishi, maana gari ni lake na kauli ni yake. Lakini siku mzee anapofariki, au anapozeeka asiweze tena kushika usukani, watoto hukutana, na aghalabu jambo la kwanza kuwagombanisha si shamba wala nyumba, bali ni gari hilo.

Kaka mkubwa husema, "Gari la baba lisiguswe. Likarabatiwe, lakini libaki vile vile alivyoliacha." Mdogo wake hujibu, "Kaka, kwa heshima yako, gari lisilotembea ni banda la kuku. Injini hii inakunywa petroli kama ng'ombe kisimani. Tutie injini ya dizeli ya Toyota, tubebe mizigo, mama apate fedha ya matumizi." Mama mjane hukaa kimya, maana wote wawili ni wanawe, na wote wawili wanasema kweli.

Ubishi huu haukuanzia kwetu. Huko Marekani watu wamegawanyika kambi mbili kwa ajili ya magari ya nguvu ya miaka ya 1960, kama vile Pontiac GTO iliyotoka mwaka 1964. Kambi moja hushikilia kwamba gari liwe na injini ile ile lililotoka nayo kiwandani, namba zilizogongwa kwenye vyuma zipatane, na hata rangi iwe ya awali. Gari lililopoteza injini yake hushuka bei sana mbele ya watu hawa. Kambi ya pili hutia injini mpya, breki mpya na usukani mwepesi, kwa hoja kwamba gari liliundwa liendeshwe, halikuundwa liangaliwe. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa limetimiza miaka 30 au zaidi, limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na halitumiki kwa safari za kila siku.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalotutenga na wenzetu. Mtu mwenye magari matatu aweza kulifungia moja ghalani akalitoa siku za sherehe. Mkulima wa Chamwino au Bahi hana nafasi hiyo. Gari lake litabeba magunia ya mtama na uwele, litateka maji, na usiku wa manane litampeleka mgonjwa hospitali. Kwa hiyo kanuni za wenye makumbusho hatuwezi kuzichukua nzima nzima. Yatupasa kupima wenyewe.

Na katika kupima, tusidanganywe na neno "asili". Hiyo GTO ilizaliwa pale wahandisi walipochukua injini kubwa ya silinda 8, yenye ujazo wa zaidi ya lita 6, wakaitia katika gari la ukubwa wa kati. Land Rover nayo ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliunda gari la majaribio juu ya chesisi ya Jeep ya Marekani. Gari lenyewe lilitangazwa rasmi huko Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi yake ilifanywa ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgawo. Kumbe kile tunachokiita asili kilikuwa suluhisho la watu waliobanwa na shida, kama tunavyobanwa sisi.

Swali lililo bora, basi, ni hili: kila kiungo cha gari hili kinafanya kazi gani hapa kwetu, na tukikiondoa tunapoteza nini?

Tuanze na mifupa. Bodi ya aluminiamu haili kutu kama chuma, lakini chesisi ni ya chuma, nayo huoza. Katika miji ya pwani hewa ya chumvi huila chesisi upesi. Nyanda zetu za kati ziko juu, Dodoma mjini ikiwa karibu meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua zake ni za msimu mmoja na hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Kwa sababu hiyo chesisi nyingi za huku zimedumu zikiwa nzima. Hiyo ni mali, na mwenye nayo asiichezee.

Tuje kwenye pumzi ya gari. Land Rover za zamani zina chujio la hewa lenye bakuli la oili. Hewa hupitishwa juu ya oili, vumbi likanaswa humo, na fundi humwaga oili chafu akatia safi. Kwa vumbi letu la kiangazi kifaa hiki ni hazina. Mara nyingi injini ikibadilishwa, bakuli hilo hutupwa jalalani, likawekwa chujio la karatasi lisilolingana na bomba lake. Vumbi likipenya, hiyo injini mpya iliyogharimu mamilioni hutafunika pistoni na silinda kabla ya wakati wake.

Ama injini yenyewe, ile ya petroli ya lita 2.25 iliyoanza kutumika mwaka 1958 ina sifa moja kubwa: fundi wa kijijini mwenye spana na akili anaweza kuifungua na kuifunga. Kasoro zake nazo hazifichiki. Nguvu zake ni kama za farasi 70 tu, na inakunywa mafuta kweli kweli. Zaidi ya hayo, injini za enzi hizo zilitengenezwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliafikiana kuiondoa risasi hiyo ifikapo mwisho wa mwaka 2005. Risasi ilikuwa ikizilinda valvu na vikalio vyake. Kwa hiyo hata kaka mkubwa anayetaka kila kitu kibaki kilivyo huenda akalazimika kuweka vikalio vigumu zaidi siku injini itakapofunguliwa. Badiliko hilo halionekani kwa macho, lakini ni badiliko.

Sasa tumsikilize mdogo. Injini ya dizeli ya Toyota ni imara, spea zake zinapatikana katika kila mji, na mafundi wetu wameizoea. Hoja yake ina uzito. Lakini hatari iko hapa: mtu hutia injini yenye nguvu zaidi, akaacha mengine yote kama yalivyokuwa. Land Rover za kale zina breki za drami katika magurudumu yote manne, zilizopimwa kwa gari la mwendo wa taratibu katika barabara za udongo. Leo lami imetoka Dodoma hadi Kondoa na Babati, na upande wa pili hadi Iringa. Gari lililokuwa likijikokota sasa litakimbia, likiwa na magunia nyuma na watoto juu ya magunia. Siku ng'ombe watakapokatiza barabara ndipo familia itakapojua kwamba ilinunua mwendo ikasahau kununua namna ya kusimama. Giaboksi na ekseli nazo zilipimwa kwa nguvu ndogo, na hukatika zikilemewa.

Hapa Kanda ya Kati tunayo mifano miwili ya kutufunza. Baada ya vita, Waingereza walipoanzisha Mpango wa Karanga, ambao Kongwa ilikuwa kitovu chake, walihitaji matrekta wasiyapate. Kampuni ya Vickers ikachukua vyuma vya vifaru vya Sherman na kuunda matrekta yaliyoitwa Shervick. Nguvu zilikuwapo, lakini chombo hakikuumbwa kwa kazi ile wala kwa udongo ule unaokauka ukawa kama saruji. Mpango mzima uliachwa mwaka 1951. Wilaya ya jirani, Mpwapwa, wataalamu wa mifugo walichukua ng'ombe wetu wa asili wakawachanganya polepole na damu ya Sahiwal na Sindhi kutoka Bara Hindi, na nyingine kidogo kutoka Ulaya. Waliandika kumbukumbu za kila uzao, wakatunza ustahimilivu wa ng'ombe wa huku. Ndivyo alivyopatikana ng'ombe aina ya Mpwapwa. Yote mawili yalikuwa mageuzi. Tofauti ni kwamba hawa wa pili walijua nini kisipotee.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama gari la namna hii liko nyumbani kwenu, haya ndiyo mashauri ya safu hii.

Kwanza, msimguse fundi kabla ya mirathi. Mzee akiwa amefariki, gari ni sehemu ya mali aliyoiacha, na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka. Mtoto anayetangulia kubadili injini kwa fedha zake huja kudai kwamba gari ni lake, na hapo udugu huvunjika.

Pili, anzeni na breki, usukani na matairi. Hapo pasiwe na mabishano ya asili wala ya usasa. Injini ifuate baadaye.

Tatu, mkiamua kubadili injini, mwambieni fundi asikate chesisi. Vishikizo vya injini mpya vifungwe kwa bolti inapowezekana, ili siku nyingine mjukuu akitaka kuirudisha ya zamani aweze. Injini iliyotolewa isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ipakeni grisi, ifunikeni, iwekeni stoo pamoja na kabureta na lile bakuli la oili.

Nne, kadi ya gari huonyesha namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, nendeni Mamlaka ya Mapato mkarekebishe kadi. Gari lisilolingana na kadi yake ni mzigo kwa mwenye kuliuza na kwa mwenye kulirithi.

Wako watakaocheka kwamba tunapoteza wino kwa ajili ya mkweche. Na wakumbuke kwamba Land Rover za umbo lile zilikoma kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, na kila moja iliyobaki haitazaliwa tena. Mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha lao, za kale na za karibuni pamoja, na watu wakamiminika kuzitazama. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakutukataza kuushona mbachao palipochanika.

Jioni ya leo, basi, mkiwa mmekaa pamoja baada ya chakula, mwiteni kaka, mwiteni na mdogo, na mama awe kati yao. Kama mzee yu hai, mwulizeni yeye kwanza angependa gari lake lifanye kazi gani baada yake, na jibu lake liandikwe.