Kiswahili na Teknolojia ya Karatasi: Nani Atamweleza Mlaji?

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii aghalabu hutajwa kuhusiana na vyombo vya baharini, lakini inaafiki pia pakiti ya maziwa yanayodumu kwa miezi kadhaa bila kuwekwa kwenye jokofu. Anayeinunua dukani huona karatasi tu. Kumbe karatasi ni takriban asilimia 75 ya uzito wa pakiti hiyo; asilimia 20 hivi ni polithini na asilimia 5 hivi ni aluminiamu. Karatasi huipa umbo na uthabiti, polithini huzuia maji, nayo aluminiamu huzuia mwanga na oksijeni. Kuiita pakiti hiyo "ya karatasi" ni kusema nusu ya ukweli. Nusu iliyosalia imeandikwa kwa lugha ambayo wanunuzi wengi hawaisomi kwa wepesi, na hili ni suala ambalo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kulishughulikia.

Kwa maumbile yake, karatasi ni kitu chenye kiu. Nyuzi za selulosi zinazoiunda huvutana na maji, na kati ya nyuzi hizo mna vinyweleo vinavyopitisha mafuta, mvuke na harufu. Kwa hivyo historia ya ufundi huu ni historia ya kuituliza kiu hiyo. Waarabu, ambao kupitia kwao Kiswahili kilipata neno "karatasi", waliipaka wanga ili wino usitawanyike. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alieleza namna ya kuchanganya ulimbo wa msonobari na shabu katika rojo lenyewe kabla ya karatasi kuundwa, na mbinu hiyo ikatawala viwandani kwa zaidi ya karne moja. Baadaye ikaja nta, kisha plastiki.

Plastiki ilifanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Haipitishi maji, lakini pia haiozi kwa urahisi, na inapogandamana na karatasi huifanya karatasi yenyewe kuwa ngumu kurejelezwa. Ndiyo maana watafiti katika nchi nyingi wanatafuta utando mwingine: wanga wa mihogo na mahindi, nta ya nyuki, kitosani inayotokana na magamba ya kamba, na selulosi iliyosagwa hadi nyuzi zake zikawa nyembamba mno zisionekane kwa macho. Kila mojawapo ina fadhila na dosari zake. Utando wa selulosi hiyo, mathalani, huzuia oksijeni na mafuta vyema sana unapokuwa mkavu, lakini hewa ikijaa unyevu, nguvu zake hupungua. Asiyejua tofauti hii atadanganyika kwamba utando mmoja hufaa kila chakula.

Kenya haiwezi kujitenga na mjadala huu. Tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa, pamoja na adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Vifungashio vya kiwandani, kama vile vya mkate, viliachwa nje ya marufuku hiyo. Tangu hapo mzigo mkubwa umeielekea karatasi. Muuza vibanzi wa kando ya barabara huitumia. Mwenye mkahawa humwagia kahawa katika kikombe cha karatasi ambacho, kwa kawaida, kimetandazwa plastiki ndani. Hata gazeti la jana hugeuzwa kifungio cha mandazi, ilhali wino wa magazeti huwa na mafuta ya madini yanayoweza kuhamia kwenye chakula. Watafiti wa maabara ya chakula ya Zurich, Uswisi, walionyesha kwamba mafuta ya aina hiyo huhama hata kutoka kwenye boksi la karatasi iliyorejelezwa na kuingia katika chakula kikavu.

Fauka ya hayo, kuna kemikali za florini zijulikanazo kwa kifupi kama PFAS. Kwa miongo kadhaa zilitumiwa kuzuia mafuta yasipenye karatasi za vyakula vya kukaangwa. Kwa kuwa hazivunjikivunjiki katika mazingira, na kwa kuwa baadhi yake zimehusishwa na maradhi, Denmark ilizipiga marufuku katika karatasi za vyakula kuanzia Julai 2020. Nchini Marekani, idara inayosimamia usalama wa chakula ilitangaza Februari 2024 kwamba kemikali hizo haziuzwi tena kwa kazi hiyo. Je, ni wauzaji na walaji wangapi wa Afrika Mashariki waliowahi kuelezwa jambo hili kwa lugha wanayoimudu?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, mantiki yake ni bayana: habari isiyoeleweka si habari. Pakiti inayojinadi kwa Kiingereza kwamba inaweza kuoza, bila kueleza kwamba huenda ikahitaji joto la mtambo maalumu wa mboji, humwacha mnunuzi akiitupa shambani na kuingoja bure.

Wapo watakaopinga kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuyabeba haya. Dai hili ni la kale na halina mashiko. Shabu, ulimbo, wanga, rojo, nta na utando ni maneno ya siku zote. Kiswahili pia kina vitenzi vinavyopambanua mambo kwa makini: maji hulowesha, mafuta hupenya, chombo huvuja, karatasi hufyonza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kinachokosekana ni matumizi. Istilahi isiyotumiwa katika matini halisi hubaki kama mbegu ghalani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mwanasayansi huandika kwa Kiingereza kwa sababu wenzake wa Finland, Brazili na Uchina watamsoma. Hakuna anayepaswa kumlaumu kwa hilo. Hata hivyo, utafiti una wasomaji wa aina mbili: wanaouendeleza na wanaoishi na matokeo yake. Kundi la pili ndilo kubwa, na ndilo linalosahauliwa.

Hivyo basi, idara za Kiswahili zinafaa kuvuka ua na kuingia katika maabara za jirani. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu aweza kuchunguza maandishi yaliyo kwenye vifungashio vya unga, majani chai na maziwa, aone ni yapi yameelezwa kwa Kiswahili na ni yapi yameachwa. Mwanafunzi wa tafsiri aweza kukaa na mwenzake wa kemia wakaandika kijikaratasi cha kurasa mbili kinachotofautisha kuoza, kurejeleza na kutumia tena, kisha kikasomwa na wauza vibanzi wenyewe kabla ya kuchapishwa. Watakapokwama wao, hapo ndipo istilahi itakapohitaji kurekebishwa. Vyama vya wanafunzi navyo vipanue makongamano yao, ili mada za sayansi zisimame bega kwa bega na za fasihi.

Kazi hiyo haitampunguzia mtu hadhi ya uanafasihi. Kiswahili kilichofundisha watu kuunda na kuendesha majahazi hakiwezi kushindwa kueleza kikombe cha karatasi. Kitakachokishinda ni wasomi wake wakikiachia mashairi peke yake, huku chakula cha wasemaji wake kikifungwa kwa vitu wasivyoweza kuvitaja.