DAWA YA DENI NI KULIPA



Mwezi huu hatuanzi na habari za mishahara wala za zamu za usiku. Twaanza na habari za wazee wetu waliovaa nguo za askari. Huenda mtu akauliza, chama cha wafanya kazi wa reli kina shauri gani na mambo ya jeshi? Asome mpaka mwisho, naye ataona kwamba jambo hili limo mfukoni mwake.

Hapa Kangema hatuna reli. Njia ya treni ya kwenda Nanyuki yapita huko chini, Maragua, Murang'a na Sagana, na sisi twateremka kwenda kuitumikia. Mwisho wa mwezi fedha zapanda mlimani, nazo zikifika nyumbani zakuta karatasi zinazingoja: ya karo, ya duka, na ya daktari aliyemtibu baba au babu. Wengi wetu ni wana na wajukuu wa askari. Serikali isipomlipia mzee, anayelipa ni sisi.

Mzee mmoja wa hapa kwetu alitumikia jeshi la Kenya miaka mingi, akaacha kazi kwa heshima. Jino likamwuma. Alikwenda kwenye hospitali ya serikali akaambiwa chombo kimeharibika, arudi siku nyingine. Akarudi, akaambiwa vile vile. Mara ya tatu taya lilikuwa limevimba hata jicho halionekani, na mwanawe, ambaye ni mwenzetu kazini, akamchukua usiku kwa daktari wa meno mwenye kliniki yake mwenyewe. Akalipa, akapewa risiti. Walipoipeleka risiti ofisini ili warudishiwe fedha, waliambiwa kwamba walipaswa kuomba ruhusa kwanza. Ndugu, jino lenye usaha hungoja ruhusa?

Tusidhani kwamba mambo haya ni mapya. Katika vita vya kwanza vya Wazungu, 1914 hata 1918, watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi, na jina la kazi yao limebaki Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Vita vya pili vilipokuja, Wakenya karibu 98,000 waliingia jeshini. Vijana wa K.A.R. walipelekwa Burma, na mwaka 1944 walipigana katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, mahali palipojulikana kwa malaria. Waliporudi walipewa bakshishi ya kuagwa. Mwaka 2019 magazeti yalichapa habari za hati za zamani zilizoonyesha kwamba askari Mwafrika alipewa kiasi cha theluthi moja tu ya alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Malaria haikuwa na theluthi. Ilimshika kila mtu sawa.

Na ni vema sisi watu wa reli tukumbuke kwamba mmoja wa askari wale wa Burma alikuwa mwenzetu. Waruhiu Itote wa Nyeri, aliyejulikana baadaye kwa jina la General China, alipotoka jeshini alifanya kazi ya kutia moto katika injini za reli kabla ya kuingia msituni. Basi askari, mfanya kazi na mpigania uhuru waweza kuwa mtu mmoja, naye ana mwili mmoja tu unaouma.

Lakini twapenda kusema kweli, wala hatutaki kuchanganya mambo. Wazee hawa ni wa namna tatu, na kila namna ina mlango wake wa kubisha. Wa kwanza ni wale wa K.A.R. Waliobaki ni wachache sana, na umri wao ni wa miaka mia au karibu yake. Aliyewaajiri alikuwa serikali ya Uingereza, na madai yao na ya wajane wao yaelekezwe huko.

Wa pili ni wale wa msituni na wa vizuizini. Hao hawakuandikwa kazi na mtu. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba inasikitika kwa mateso yaliyofanywa, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228 pamoja na gharama za kesi. Fedha zile zilikuwa za kulipwa mara moja. Mguu uliovunjwa wakati wa Hali ya Hatari hauumi mara moja. Wauma kila msimu wa baridi, na dawa yake hununuliwa kila mwezi.

Wa tatu ni askari wa jeshi letu wenyewe, tangu uhuru wa 1963 mpaka leo. Hao ndio wengi, na mwajiri wao yuko hapa hapa. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Askari Wastaafu, na afya ni mojawapo ya mambo yaliyotajwa ndani yake. Twaishukuru sheria hiyo. Lakini sheria iliyo kabatini haing'oi jino.

Sasa tutazame sheria yetu sisi wafanya kazi. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu akiumia kazini, mwajiri atalipa gharama za haki za matibabu yake. Nayo haikusema matibabu tu ikanyamaza. Imetaja meno, upasuaji, hospitali, dawa, nauli ya kwenda kutibiwa, hata miguu ya bandia na magongo. Basi ikiwa mtu aliyevunjwa taya na mnyororo wa behewa hulipiwa meno yake, kwa sababu gani aliyevunjwa taya mpakani akilinda nchi aambiwe kwamba meno ni anasa? Hapa kwetu chakula ni githeri. Mzee asiye na meno hutazama wajukuu wakila, naye akapewa uji.

Wako watakaosema kwamba hata nchi tajiri hazilipi kila kitu. Ni kweli. Katika Marekani askari mstaafu hapati matibabu ya meno yote bure, isipokuwa wa namna fulani, kama waliolemazwa kabisa na vita au waliopata kuwa mateka. Lakini huko, askari akikimbizwa hospitali ya watu binafsi kwa dharura, ofisi yao yataka ipewe habari katika saa 72, nayo hulifikiria dai lake. Habari hutolewa baada ya mgonjwa kufikishwa kwa daktari. Hilo laweza kufanywa hapa pia, wala halihitaji utajiri wa Marekani.

Wengine husema kwamba wazee na wana wao wataleta risiti za uongo. Hili nalo hatulikatai. Tumewahi kuona mtu aliyeweka risiti ya dawa ya ng'ombe katikati ya madai ya baba yake. Mtu wa namna hiyo huwaharibia wenziwe kumi, na chama hakitamtetea. Lakini mwizi mmoja akipanda treni bila tikiti, treni haisimamishwi kwa abiria wote.

Basi twaomba mambo manne. Kwanza, katika dharura mgonjwa atibiwe, na habari itolewe baadaye. Pili, daktari alipwe na ofisi moja kwa moja, kwa bei zilizokubaliwa na kujulikana, maana kumwambia maskini "lipa kwanza, utarudishiwa" ni kumwambia asitibiwe. Tatu, kila dai lijibiwe kwa barua yenye tarehe na sababu. Nne, mjane asisahauliwe mumewe akifa.

Nasi tuna kazi yetu. Akiba haiozi: wekeni kila risiti, nayo iwe na jina la mgonjwa, tarehe, kazi iliyofanywa na muhuri. Wekeni barua ya kuachishwa jeshi mahali pasipo na panya. Ukiumia kazini, mwambie mwajiri siku hiyo hiyo, kwa maana ajali ikipita miezi 12 bila kuarifiwa haki yako yapotea. Mzee asiyeweza kuandika aletwe kwa katibu wa tawi, aandikiwe barua bila malipo.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima mpya ya afya. Hatunung'uniki kusaidiana. Kusaidiana ndiko kulikoanzisha chama hiki. Lakini mtu anayekatwa upande huu, na upande wa pili amlipie baba yake deni lililo la mwajiri wa baba yake, huyo analipa mara mbili.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Askari alipoitwa hakuuliza nani atamrudishia. Alikwenda. Na sisi tutakapokuwa wazee, wenye migongo iliyoharibiwa na magunia na masikio yaliyozibwa na injini, tutabisha mlango ule ule. Tuusukume leo tungali na nguvu, tena tuusukume pamoja.

Umoja ni nguvu.