Mwalimu, Kumbe Wewe Ni Mtu wa Hisia?

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha semantiki. Katika kutafuta mfano wa kitu ambacho maana yake haikai ndani ya kitu chenyewe bali katika uhusiano wake na watu, niliwaonyesha wanafunzi picha moja iliyopigwa mwaka 1985. Katika picha hiyo amesimama mzee Kalume Mwakiru, Mgiriama wa huku Kilifi, kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Nilianza kueleza, na sijui ni nini kilichonijia. Sauti ilinikwama, nikalazimika kuugeukia ubao na kujifanya nafuta maandishi ambayo hayakuwapo. Kipindi kilipokwisha, mwanafunzi mmoja wa kike alinifuata hadi mlangoni, akaniambia kwa upole uliochanganyika na mshangao: "Mwalimu, kumbe wewe ni mtu wa hisia?"

Nilicheka, nikaenda zangu. Lakini neno hilo lilinifuata hadi nyumbani.

Kwanza, sina hakika kwamba alichosema ni Kiswahili. Maneno ni ya Kiswahili, ndiyo, ila fikira iliyo nyuma yake ni ya lugha nyingine, ambayo ina neno moja la kumwelezea mtu anayelizwa na mambo madogo, neno lenye sifa kidogo na dharau nyingi. Wazee wa Malindi nilikokulia hawakuwa na neno la namna hiyo. Walikuwa na mengi, na kila moja lilikwenda njia yake. Walisema fulani ni mwepesi wa machozi, na hapo hawakumsifu wala kumlaumu. Walisema fulani ana imani, wala hawakuwa na maana ya dini. Walitaka kusema kwamba akimwona mwenziwe taabuni hawezi kupita. Na walikuwa na neno ambalo vijana wetu hawalitumii tena, neno kite. Hana kite na nduguye, yaani hana mapenzi naye yatokayo moyoni. Neno lilo hilo ndilo tunalolipata tunaposema mgonjwa anapiga kite, akiguna kwa maumivu. Waliotuachia lugha hii hawakuona ajabu kuutia uchungu na upendo katika neno moja.

Ama sisi walimu tumefanya nini? Tumemfundisha mtoto wa kidato cha nne kwamba shairi lina toni, na toni aghalabu ni huzuni, na huzuni ni alama moja. Akishaandika neno hilo anaruhusiwa kwenda swali la pili. Simlaumu mtu, nami nimesahihisha hivyo hivyo, kalamu nyekundu mkononi, chai ikipoa mezani.

Nirudi kwenye vigango, maana wengi wa wasomaji wangu vijana wameviona katika maduka ya vinyago tu, tena vya kuigiza. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, aghalabu wenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichochongwa kwa pembetatu, unaosimamishwa kwa ajili ya mzee marehemu aliyekuwa katika chama cha Gohu. Hakiwi pambo. Kikishasimamishwa hakiondolewi. Watu wa boma wakihama kutafuta mashamba mapya, chenyewe hubaki pale pale, mvua na mchwa vifanye kazi yake. Hapo ndipo mwizi alipopata mwanya: jambo ambalo kwa wenyewe lilikuwa heshima, yeye aliliona kuwa ni mali iliyotelekezwa.

Muda si mrefu baada ya picha ile kupigwa, vigango vya mzee Kalume viliibwa. Monica Udvardy, mwanaanthropolojia aliyempiga picha, aliporudi kumletea nakala yake alielezwa habari hizo, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Mzee alifariki mwaka 1987 bila kuviona. Miaka ikapita, kimoja kikagunduliwa katika jumba la makumbusho jimboni Illinois, Marekani, na cha pili katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirejeshwa kwa jamaa zake mwaka 2007, baada ya miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver nalo lilitangaza kwamba litarejesha vigango 30.

Sasa, ni nani hapa mtu wa hisia? Mwenzangu mmoja, msomi wa kuheshimika, aliniambia tukiwa tunakunywa kahawa kwamba wazee hawa wanalilia mbao, na kwamba kama vigango vingebaki kondeni vingekwisha liwa na mchwa, ilhali Marekani vimehifadhiwa katika chumba chenye ubaridi uliopimwa. Hoja hiyo ina akili, siwezi kuikana. Lakini tazama upande wa pili. Wale walioviweka ukumbini mwao ughaibuni nao walivipenda. Yamkini baadhi yao waliviangalia usiku, taa ikiwa hafifu, wakasisimkwa na mwili kwa ajili ya Afrika ya kale. Mapenzi hayo hayakuwadai chochote isipokuwa fedha, nao fedha walikuwa nazo. Hawakujua jina la marehemu, wala haikuwapasa kujua. Mzee Kalume alijua majina yote mawili, maana walikuwa ndugu zake. Na mapenzi yake yalimdai karamu, sadaka, kumbukumbu, na hatimaye kwenda kaburini na deni ambalo hakulifanya yeye.

Nadhani tofauti ninayoitafuta iko hapo. Wako wanaozionja hisia zao kama mtu aonjavyo halua, wakijipendeza kwa kuwa na moyo laini. Na wako ambao hisia zimewashika shati na kuwapeleka mahali wasikotaka kwenda. Watu wa kundi la pili sijaona wakiitwa dhaifu na mtu aliyewahi kupambana nao. Serikali ya kikoloni haikuwaona hivyo. Mekatilili wa Menza, ambaye inasimuliwa kwamba alimwona kaka yake Mwarandu akichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, aliwakusanya Wagiriama mwaka 1913 kwa kifudu, ngoma ya maombolezo. Hakuanza kwa hotuba ya kodi na vibarua, ingawa hayo yote yalikuwamo. Alianza na ngoma ya kuwalilia wafu. Waingereza walimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii. Kisha mwaka 1914 wakailipua kwa baruti Kaya Fungo. Anayedhani kwamba mapenzi ya watu kwa msitu na kaburi ni upuuzi wa wazee, na ajiulize ni kwa nini dola kubwa kama ile iliona haja ya kuyatilia baruti.

Wala sisemi kwamba sisi wa huku tumebaki na kite na wageni ndio waliokikosa. Vigango havikujisafirisha hadi Mombasa. Waliving'oa vijana wa hapa hapa, wengine kwenye makaburi ya babu zao wenyewe, kwa fedha ambazo pengine ziliisha kabla ya jua kutua. Na katika Kaunti hii ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, kosa lao mara nyingi likiwa mvi na kipande cha shamba ambacho mtu anakitaka. Siku ya maziko ya mzee wa namna hiyo kilio huwa kikubwa. Nimehudhuria, nimesikia. Sikuweza kujua ni nani anayelia kwa kite na ni nani anayelia kwa ajili ya majirani.

Hapo ndipo kalamu inaponigeukia mimi mwenyewe.

Katika kabati langu zipo kanda sita za kaseti. Nilizirekodi nilipokuwa mwanafunzi, nikimhoji hawe, yaani bibi yangu mzaa baba, kwa Kigiriama. Anasimulia njaa, anasimulia safari ya kwenda Malindi kuuza nazi, anamtukana mbuzi aliyeingia jikoni katikati ya mazungumzo. Nimezihama nazo nyumba nne. Kila ninapozisikiliza machozi hunilengalenga, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiyaona machozi hayo kuwa ushahidi kwamba mimi ni mwana mwema wa nyumba ile. Nimeandika tasnifu nzima juu ya lugha. Nimesimama katika makongamano nikawasihi watu wasiziache lugha za mama zao. Na watoto wangu wawili hawajui Kigiriama. Nyumbani tunasema Kiswahili, na wakikasirika wanasema Kiingereza. Sikuwanyima makusudi, nilikuwa na shughuli, na kaseti zilikuwapo kabatini, salama, kama vigango katika chumba chenye ubaridi uliopimwa.

Jioni ya siku ile ya darasa nilitoa kanda ya kwanza. Kinasa sauti cha zamani kilikubali kufanya kazi baada ya kubembelezwa. Binti yangu, wa miaka kumi na mitatu, alikuja akaketi sakafuni, akasikiliza sauti ya mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Hawe alisema jambo, kisha akacheka mwenyewe, kicheko kirefu. Mimi nilicheka pamoja naye. Binti yangu alinitazama, akaitazama ile mashine, akauliza, "Baba, amesema nini?"

Nilimtafsiria. Hakucheka, maana haikuwa ya kuchekesha kwa Kiswahili. Akaniomba nirudishe nyuma, nimfundishe kuyasema kama alivyoyasema yeye. Tulirudisha mara nyingi usiku ule, na bado sauti moja ya mwanzoni inamshinda ulimi. Kesho jioni tutajaribu tena.